Sanduku, Nguzo na Hukumu ya Msimulizi

Imekuwa mazoea miongoni mwa baadhi ya wahakiki kuyasoma masimulizi ya Israeli ya kale kana kwamba vitu vitakatifu vinavyotajwa humo ni tamathali tupu. Sanduku la Agano, hudaiwa, ni ishara tu ya kuwapo kwa Mungu. Nguzo za mawe na mahali pa juu ni masalio ya Wakanaani yaliyoipenya dini isiyohitaji vitu. Madai haya hayana mashiko, kwani matini yenyewe huyakanusha.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 4 hadi ya 6, Sanduku ni mhusika kamili. Dagoni huanguka kifudifudi mbele yake, maradhi huliandama kila mji lipelekwako, na Wafilisti hulazimika kulirudisha kwa gari la ng'ombe wasio na mchungaji. Katika Samweli wa Pili, sura ya 6, Uza hulishika lisianguke, naye hufa papo hapo. Tamathali haiogopwi kiasi hicho.

Ama kuhusu Ukanaani, ushahidi ni dhaifu zaidi. Yakobo husimamisha nguzo Betheli na kuimiminia mafuta, wala msimulizi hamlaumu; Kumbukumbu la Torati 16:22 hukataza nguzo hiyohiyo. Sura ya 12 ya kitabu hicho huamuru mahali pamoja pa kutolea dhabihu. Hata hivyo, Eliya huijenga upya madhabahu ya Bwana juu ya Karmeli na kusifiwa. Nyoka wa shaba aliyevunjwa na Hezekia hakutoka kwa Wakanaani: kwa mujibu wa masimulizi, alifanyizwa na Musa kwa amri ya Mungu. Huu ni mgogoro wa Waisraeli wenyewe kwa wenyewe.

Ardhi nayo imetoa ushahidi wake. Katika miaka ya 1960, Yohanan Aharoni alifukua hekalu ndani ya ngome ya Aradi, katika ufalme wa Yuda, likiwa na jiwe lililosimamishwa na madhabahu mbili ndogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 uligundua juu yake mabaki ya ubani na bangi. Biblia haisemi neno lolote kuhusu hekalu hilo. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake: Vitabu vya Wafalme vinasimuliwa kwa mtazamo wa wale waliotaka ibada yote ikusanywe Yerusalemu, kama alivyofanya Yosia mnamo 622 K.K.

Mtazamo huo ni haki ya msimulizi. Mhakiki hana haki ya kuuchukua kama taarifa. Anayemfundisha mwanafunzi kwamba Israeli haikuwa na mawe wala mahali patakatifu ila kwa kupotoka, anarudia hukumu ya upande mmoja wa kesi na kuiita uhakiki. Waliofukiza uvumba Aradi walikuwa watu wa Yuda. Kuwaita wageni katika dini yao wenyewe ni kuwanyamazisha mara ya pili.