Mgodi Tumeusoma, Kiwanda Je?

Treni inayonitoa Cardiff kwenda kazini Pontypridd hupita kituo kidogo kiitwacho Treforest Estate. Nje ya dirisha naona maghala, mabati, maegesho ya magari, na mto Taff kando yake. Sijawahi kumwona mtu akipapiga picha. Miaka kadhaa nimepatazama, na leo nataka kugombana nanyi, wapenzi wenzangu wa vitabu.

Ugomvi wangu ni huu: fasihi ya makaa ya mawe imetudanganya. Haikusema uongo. Imenyamaza tu mahali ilipotakiwa kusema.

Chukua How Green Was My Valley ya Richard Llewellyn, iliyotoka 1939. John Ford akaifanya filamu mwaka 1941, ikazoa Oscar ya filamu bora, na bonde lenyewe la Wales likajengwa California! Ndani yake mna wanaume waliojaa vumbi, mama jikoni, nyimbo na kifo mgodini. Tunalia, tunafunga kitabu, basi. Eti tumeijua Wales Kusini.

Sasa tuangalie kilichokuwa kikitokea kweli. Mwaka 1913 mabonde yale yalitoa karibu tani milioni 57 za makaa. Mwaka huohuo, mlipuko wa Senghenydd uliua wachimbaji 439. Baada ya Vita vya Kwanza meli zikahamia mafuta, masoko ya ng'ambo yakapotea, migodi ikaanza kufungwa. Mji wa Merthyr ulifika mahali ambapo zaidi ya nusu ya wafanyakazi hawakuwa na kazi. Kati ya vita vile viwili, watu zaidi ya 400,000 waliihama Wales.

Serikali ya London ilipitisha sheria ya maeneo yaliyodorora mwaka 1934, na mwaka 1936 likaanzishwa eneo la viwanda la Treforest. Wazo lilikuwa rahisi: jenga viwanda vyenye paa tayari, vikodishe, halafu ngoja wawekezaji. Wawekezaji wa Kiingereza hawakugombania nafasi hizo. Waliokuja kwa wingi ni wakimbizi, wengi wao Wayahudi, waliomkimbia Hitler kutoka Ujerumani, Austria na Chekoslovakia. Mmoja wao, Joachim Koppel wa Berlin, alileta kiwanda cha zipu. Mwanawe Heinz akawa mchoraji, akafundisha sanaa Dowlais, akaichora mitaa ile kwa rangi ambazo wenyeji hawakuzizoea.

Na nani alishika mashine? Kwa sehemu kubwa, wasichana na wanawake. Mabinti wa wachimbaji walipanda basi asubuhi kwenda kutafuta mshahara, huku baba zao wamekaa nyumbani bila kazi. Hebu fikiria meza ya chakula jioni hiyo! Binti wa miaka kumi na saba ndiye mwenye pesa. Bosi wake anazungumza Kiingereza chenye lafudhi ya Berlin na hajui kama ndugu zake wako hai. Mwaka 1940 serikali ikaanza kuwakamata Wajerumani na Waaustria kama raia wa adui, hata waliokimbia kuuawa. Riwaya gani tena unataka? Kila kitu kimo: njaa, aibu ya mzazi, mgeni, vita, mapenzi. Lakini waandishi wengi walirudi kulekule shimoni, kwa sababu shimoni kuna kifo, na kifo kinauza.

Najua mtakachonijibu. Mtasema viwanda vile vilikuwa dawa hafifu, mishahara ya wanawake ilikuwa midogo, na kazi zilizokuja hazikufikia hata robo ya zilizopotea. Kweli kabisa, sibishi. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Dawa kuwa hafifu hakumfanyi aliyeinywa asiwe na hadithi. Tena ukiishia mgodini, utadhani watu wa mabonde walikufa siku lango lilipofungwa, iwe miaka ya thelathini au baada ya mgomo wa 1984 na 1985. Hawakufa. Waliamka kesho yake wakatafuta nauli.

Mama mmoja ninayefanya naye kazi aliniambia kuwa taa ya mgodini ya babu yake bado iko sebuleni kwao, inafutwa vumbi kila Jumamosi. Bibi yake alifanya kazi Treforest miaka mingi kuliko babu alivyochimba makaa. Nikamuuliza, "Na cha bibi mmeweka nini?" Akacheka, kisha akakaa kimya. Hawakuweka kitu. Hata jina la kiwanda halikumbuki.

Hapo ndipo ninapowalaumu waandishi, na sisi wasomaji tunaowanunua. Familia huhifadhi kile ambacho vitabu vimewaambia ni cha thamani. Taa iliandikiwa riwaya ikabaki. Bibi hakuandikiwa, na sasa mjukuu wake hana cha kufuta vumbi.

Kwa hiyo nikiletewa tena riwaya ya mchimbaji anayekohoa kwenye ukurasa wa kwanza, nitairudisha rafuni. Anayeijua inayoanzia kituo cha basi, alfajiri, na msichana aliyebeba chakula chake akielekea Treforest, aniambie. Nitainunua leo hiihii.