Makofi yetu

Juma hili tulipanga kuongea juu ya daftari na uniforme, lakini hayo yangoje.

Katika feti moja ya ubatizo hapa Nguba, watoto waliitwa wacheze. Msichana wa miaka sita akaingia katikati, akakata kiuno kama wale wachezaji wanawake wa okestra za Kinshasa. Hata namna ya kulegeza jicho aliijua. Tulicheka mpaka machozi. Mtu akambandika noti ya faranga 500 kwenye paji la uso, telefone zikapanda juu. Na sisi, tuliosomea kule ISP namna mtoto anavyojifunza, tulipiga makofi pamoja na wengine.

Siku tatu baadaye, jirani alituonyesha video ile ile. Aliipata katika kundi la WhatsApp ambamo wazazi wa mtoto hawamo. Chini yake wanaume walikuwa wameandika maneno tusiyoweza kuyarudia hapa. Juu ya mtoto ambaye meno ya mbele bado hayajaota!

Tumezoea kusema TikTok inaharibu watoto. TikTok yenyewe inakataza wenye umri chini ya miaka 13, na wamama wengi hawalijui hilo. Lakini huyu hana telefone. Klipu aliziona kwenye televizio ya saluni, akingoja mama amalize kusukwa. Klipu ilimwonyesha tu; kwamba hiyo ndiyo njia ya kupendwa na wakubwa, alifundishwa na noti yetu. Juma lile lile alisoma ukurasa mzima bila kosa, na hakuna aliyempa hata bonbon. Mtoto wa miaka sita hana tamaa ya mwili, anarudia kile kinachotufurahisha. Kesho mtu mzima akimwita pembeni, akampa biskuti ili amchezee vile vile, ataona tofauti gani?

(Kucheza si dhambi. Watoto wacheze, tena sana.)

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni yeyote asiyetimiza miaka 18. Kwa picha za ngono za watoto inatoa kifungo cha miaka 5 mpaka 15, hata kwa anayezihifadhi tu. Video ya feti haifiki huko. Lakini ikishatoka katika telefone yetu, hatuchagui tena nani anaiangalia, wala akiwa na nia gani.

Tulikwenda kwa mama wa mtoto. Alisikia haya, kisha akakasirika: "Mwalimu, si na wewe ulikuwa unapiga makofi?" Hatukuwa na jibu. Akaiondoa kwenye statu yake, tukaanza kuwatafuta waliopiga video. Wawili walifuta mbele yetu, wa tatu alicheka na kusema tunakuza mambo. Tutarudi kwake.

Mtoto alikuwa anasikiliza mlangoni. Akauliza: "Mama, nilicheza vibaya?"

"Hapana, mwanangu. Ulicheza vizuri. Ni sisi tulikosa."

Jumamosi, kwenye likelemba, kila mama aje na telefone yake. Kabla ya kuhesabu pesa tutafungua picha za watoto wetu, na za watoto wa wengine tulizozihifadhi, tuziangalie moja moja.