Fundi Mdogo na Mitambo Ijiendeshayo

Ndugu msomaji, umepata kumwona fundi mwenye kazi tele, lakini karakana yake haikui? Kila mteja huja na jambo lake, na kila jambo huanzwa upya.

Ndivyo walivyokuwa mafundi wachache wa Bedford Associates, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Walitengeneza vyombo vya kuongoza mashine viwandani. Tarehe 1 Januari 1968 mmoja wao, Dick Morley, aliandika wazo lake: kitengenezwe chombo kimoja kifaacho mashine nyingi, kibadilishwe maagizo tu. Maana zamani hizo viwandani yalikuwamo makabati yaliyojaa swichi na nyaya. Mashine ikipewa kazi nyingine, nyaya zilifumuliwa zikafungwa upya.

Chombo wakakiita 084, kwa kuwa kilikuwa kazi yao ya 84. Kampuni mpya wakaiita Modicon.

Mimi nasifu zaidi jambo hili: maagizo yake yaliandikwa kwa mchoro wenye umbo la ngazi, uleule waliouzoea mafundi umeme. Kwani chombo asichokielewa fundi wa zamu ya usiku, kikisimama, nani atakiamsha? Nawe kama una kijana afungaye pampu na mashine za kusaga, mwulize: katika kazi zako kumi, ngapi ni ndugu?

Faida haikuja upesi. Chombo kilichouzika sana ni 184, cha mwaka 1973. Mwaka 1977 Modicon ikauzwa kwa kampuni ya Gould. Ile ngazi ingali ikitumika viwandani hata leo.