Mnaoita Subaru "ugonjwa", leo tuelewane

Haya jamani, leo sina siasa. Leo ni ndinga tu.

Kuna wimbo mmoja unaimbwa Tanga nzima, kuanzia vijiwe vya Ngamiani mpaka kwenye meza za ofisi za Chumbageni. Ukitamka tu neno "Subaru" unaanzishwa: hilo gari ni ugonjwa. Spea hakuna. Fundi hakuna. Linakunywa. Chukua Toyota, dogo, ulale usingizi. Anayeimba hajawahi kulimiliki, mara nyingi hajakaa hata kiti chake cha mbele. Lakini ana binamu yake wa Dar aliyeliuza kwa hasara, na kwetu binamu wa Dar ni ushahidi unaotosha mahakamani!

Mimi nabisha. Na sibishi kishabiki, maana nimezunguka maduka ya spea daftari mkononi kama ninavyozungukia habari nyingine yoyote. Ninachosema ni hiki: raha ya kuendesha ni sababu halali ya kuchagua gari, na mtu mzima ana haki ya kuilipia. Wanaofilisika na gari hilo, wengi wao hawakufilisiwa na gari. Walilinunua kwa shilingi yao ya mwisho.

Nianze na raha, maana ndiyo mnayoionea aibu.

Mwenzangu mmoja kazini ana Forester ya lita 2.0, haina tabo, gia za mkono. Masika yaliyopita tulikuwa na kazi Lushoto na akanipa usukani pale Mombo. Barabara ile mnaijua: kilomita kama 33 za lami nyembamba, mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na kila kona inaficha basi linaloshuka na haraka zake. Injini ya Subaru imelazwa, pistoni zinapiga kushoto na kulia badala ya juu na chini, kwa hiyo uzito wote uko chini. Unaingia kwenye kona, gari halilali. Lami imelowa, tairi moja likitaka kuteleza mengine yanaendelea kusukuma, na wewe unasikia yote hayo kwenye viganja. Tulipita Soni nikiwa nacheka peke yangu kama mwehu. Nilifika Lushoto sijachoka, nikafanya kazi yangu, na nikaanza kuwaza kushuka.

Njia hiyohiyo nimeipanda mara nyingi ndani ya Noah ya mjomba. Mjomba ni dereva mzuri na sina ugomvi naye, lakini kila kona abiria wa nyuma tunahamia upande mmoja kama magunia ya machungwa ya Muheza. Tunafika salama, ndiyo. Tunafika pia na kichefuchefu.

"Anasa hiyo!" Sawa, anasa. Lakini sisi ndio watu tunaochangia harusi tatu kwa mwezi, kadi ya dabo, na sare juu yake, na sijawahi kusikia mtu akimuuliza bwana harusi kama spea za ukumbi zinapatikana. Hela ya sherehe ya usiku mmoja haihojiwi. Hela ya kitu nitakachokishika kila siku kwa miaka saba inaitwa ujinga. Nani katupangia hivyo?

Halafu mapenzi haya hayakuanzia kwenye video za vijana wa Nairobi. Afrika Mashariki ina historia na magari ya namna hii. Safari Rally ya kwanza, mwaka 1953, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 kwa Impreza, Richard Burns akaishinda ya 2000 kwa Impreza vilevile. Subaru walijitoa kwenye mashindano ya dunia mwishoni mwa 2008, Safari yenyewe ikarudi kwenye kalenda hiyo mwaka 2021 bila wao, na bado mtoto wa Mombasa au wa Tanga akisikia ule mlio wa injini anageuza shingo. Msitake kutuambia tumeiga juzi.

Sasa tuje kwenye pesa. Hapa naomba umakini kidogo, maana hapa ndipo mtaa unapodanganya bila kujua.

Fowili ya muda wote, yaani gari linalovuta kwa matairi yote manne bila wewe kubonyeza chochote, ina tabia ambayo gari la kuvuta mbele halina. Matairi yake yamefungwa kamba moja. Katikati kuna kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kwenye Subaru ya gia za mkono ni difu ya kati yenye chemba ya kimiminika kizito. Kwenye otomatiki nyingi za gia 4 ni visahani vya klachi. Kifaa hicho kimetengenezwa kuvumilia tofauti ndogo ya mzunguko, kama ile ya kwenye kona.

Wewe sasa umepasua tairi la mbele pale Pongwe. Umeenda kwa muuza mitumba, ukafunga mawili mbele, nyuma ukaacha vipara. Tairi lenye kashata nene ni kubwa kwa mzingo kuliko kipara, hiyo ni hesabu ya shule ya msingi. Kwa hiyo mbele na nyuma hazizunguki sawa hata kwenye lami iliyonyooka. Kutoka Tanga mpaka Segera, kila sekunde, kifaa cha katikati kinaona kama gari linateleza. Kinapambana, kinachemka, kinachoka. Baada ya miezi gari linaanza kugoma ukikata usukani mpaka mwisho kwenye maegesho, linakwaruza na kurukaruka. Fundi anatamka hukumu: giaboksi imekwisha. Na kijiwe kinapokea: si tulikwambia?

Hakuna aliyekwambia! Walikwambia Subaru ni ugonjwa. Hawakukwambia matairi manne yanabadilishwa pamoja, saizi moja, aina moja, uchakavu unaokaribiana. Hawakukwambia kwamba otomatiki nyingi za gia 4 zina kisanduku cha fyuzi kilichoandikwa FWD chini ya boneti: ukilazimika kufunga tairi la akiba dogo, unachomeka fyuzi pale na gari linavuta mbele tu mpaka ufike kwa fundi. Fyuzi! Bei yake haifiki soda mbili.

Belti ya taimingi ni hadithi hiyohiyo. Injini za EJ, zile zilizojaa Forester na Impreza mpaka mwaka 2010, zinataka belti mpya kila kilomita 100,000 hivi, pamoja na roli zake, na ukiwa na akili unabadilisha na pampu ya maji, maana mkono umeshafika pale. Ikikatika, kwenye nyingi ya injini hizo valvu zinagongana na pistoni, na hapo unafungua injini nzima. RAV4 ya kwanza yenye injini ya 3S ikikatika belti inazima tu, unaivuta, unafunga nyingine, safari inaendelea. Toyota wanasamehe. Huo ndio ukweli wa ule wimbo, na sitauficha: Subaru haisamehi. Ukiijaza rejeta maji ya bomba badala ya kulanti, silinda hedi zake za alumini zitakukumbusha. Ukichelewesha oili, zitakukumbusha pia.

Na spea? Hapa nawapa pointi kamili. Shokapu ya Toyota unaipata Ngamiani kabla kahawa haijapoa. Ya Subaru, mara nyingi unampigia mtu wa Gerezani, Kariakoo, anakutumia picha kwenye simu, mnabishana, unatuma hela, mzigo unapanda basi pale Mbezi, kesho yake unaupokea Tanga ukiomba Mungu uwe ndio wenyewe. Mji wetu ni wa "waja leo waondoka leo", lakini gari linalosubiri beringi kutoka Dar halikusikia msemo huo. Siku mbili bila gari kwa mtu wa habari ni gharama, na iandikwe kwenye hesabu kama gharama nyingine. Mafuta nayo yaandikwe. EWURA wakitangaza bei za mwezi, bei za mafuta yanayoshukia bandari ya Tanga zina safu yake. Isome, zidisha kwa kilomita zako, halafu ndiyo ufungue picha za magari.

Kwa hiyo ni kweli, ni ghali zaidi. Lakini "ghali zaidi" ina kipimo, unaweza kuipangia. "Ugonjwa" hauna kipimo, unaogopa tu.

Sasa niwageukie wa upande wangu, maana nyie ndio mnaotuharibia jina.

Nyie mnaokusanya miaka minne, mkamaliza kila senti bandarini, mkalitoa gari mkiwa hamna hata hela ya oili! Ushuru unaujua: gari dogo lililozidi miaka 10 linabeba ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya kodi nyingine zote. Wakenya walishakataza kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaruhusiwa, tunalipa adhabu, na bado tunaenda kuokota lililozeeka kwa sababu Japani bei yake ni ya kutupa. Gari la umri huo linakuja likidai belti, bushi, shokapu na matairi kwa wakati mmoja. Nawe mfukoni una elfu ishirini.

Kuna jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Kule Japani fowili hununuliwa zaidi na watu wa mikoa ya theluji, na barabara za theluji humwagiwa chumvi. Gari linang'aa juu, chini limeliwa. Unalileta Tanga, unalipaki Raskazone upepo wa bahari ukilipuliza, chumvi inakutana na chumvi. Omba picha za chini ya gari. Kwenye karatasi ya mnada tafuta herufi S na C, ndizo alama za kutu na kuoza. Muuzaji asipotaka kukuonyesha uvungu, funga hiyo safari.

Na tuheshimiane: kama maisha yako ni Raskazone, Bombo, sokoni, nyumbani, fowili ya nini? Huu ni mji tambarare, mji wa baiskeli. Kagari kadogo ka Toyota kanakutosha na chenji inabaki. Wala fowili haifupishi breki. Kwenye udongo mwekundu wa kupanda Amani kutoka Muheza wakati wa mvua, mwenye fowili na vipara anaingia mtaroni akimtangulia mwenye gari la kawaida lenye matairi mazuri, kwa sababu yeye alijiamini zaidi.

Kama unaenda shamba kweli, matope ya kweli, njia za kuelekea Saadani wakati mbaya, basi Escudo ya zamani yenye gia nzito itakufaa kuliko Forester, na ukiwa kwenye lami inavuta nyuma tu, haina ugomvi wa matairi. Raha yake kwenye kona ni ya punda, lakini punda anafika. RAV4 ni ya mtu anayetaka amani na mke, fundi na benki kwa pamoja. Sina neno baya. X-Trail za kwanza sizielewi. Injini yake ya lita 2.0 inajulikana kwa kula oili, umeme wa fowili yake una mambo mengi, na kwenye kona hainipi kitu. Bili ya Subaru, raha ya Noah. Wenye X-Trail mtanisamehe, au msinisamehe.

Kipimo changu ni kimoja tu. Kabla hujauliza bei ya Subaru, uliza bei ya matairi manne mapya ya saizi yake, ongeza belti na vikorokoro vyake, ongeza fundi. Hela hiyo iwe pembeni, taslimu, baada ya kulipia gari. Kama haipo, hilo gari bado si lako, hata kama kadi ina jina lako. Kama ipo, usimsikilize mtu.

Mimi natafuta Forester ya lita 2.0, si ile ya 2.5 ambayo gasketi za silinda hedi zake zina sifa mbaya na ushuru wa bidhaa wake ni asilimia 10 badala ya 5. Tabo sitaki, nataka gia za mkono. Kwa wiki nitakuwa Tanga, Korogwe, Muheza, na mara moja moja Lushoto kwa visingizio ambavyo mhariri wangu ataamua kama ni habari. Nimeshaziona mbili. Moja ilikuwa na matairi ya aina tatu tofauti, nikamrudishia mwenyewe ufunguo bila hata kuiwasha. Nyingine mwenye nayo hakutaka nichungulie uvunguni.

Hela ya matairi ninayo tayari. Gari bado.