Nasaha za Nyumbani: Mwili wa Mama Nao Una Haki

 

Alitujia mama mmoja wa hapa Mbweni, ambaye watoto wake twawasomesha chuoni, akiwa na suala. Mama huyu ana maradhi ya kisukari, na magoti yamemshika hata sasa husali juu ya kiti. Daktari amemwambia autumikishe mwili wake kila siku. Binti yake akamwonyesha katika simu mazoezi ya polepole ya kufanywa nyumbani, yaliyochanganya mambo matatu: ngoma, yoga ya Kihindi na baleti ya Kizungu. Akayaanza chumbani mwake. Mumewe alipomkuta alimkataza, akasema, "Uzee wote huu, wacheza ngoma za makafiri?" Basi mama akataka kujua: je, ni haramu?

Twakiri kwamba jawabu la kwanza lililotujia lilikuwa kumuunga mkono mume. Lakini kuharamisha jambo usilolijua si jambo dogo mbele ya Mwenyezi Mungu. Tukawaomba watu wa nyumbani kwetu wende wakatazame, kisha watueleze.

Wakatueleza hivi. Mama husimama nyuma ya kiti akakishika, akaweka visigino pamoja na vidole vikaelekea nje, akakunja magoti kidogo, akanyoka. Kisha huinua visigino na kuvishusha taratibu. Hilo ndilo la baleti. Halafu huweka magoti na viganja juu ya mkeka, akaupinda mgongo juu na chini mfano wa paka, huku akivuta pumzi kwa utulivu. Hilo ni la yoga. Mwisho hupeleka mikono na mabega huku na huku, kwa hesabu ya nane. Hapo watu wa nyumbani kwetu walicheka, wakasema: "Hili la mwisho si geni. Ni lelemama bila ya pembe."

Na wamesema kweli. Mabibi zetu hawakuhitaji kuambiwa wautumikishe mwili. Walitwanga, walikuna nazi juu ya mbuzi, walivuta maji kisimani, na maji yakipwa walikwenda pwani kuokota chaza. Leo maji yamo mferejini, nazi yakunwa kwa mashine, na mwenye safari ya Mjini hupanda daladala. Hizo ni neema, wala hatuzilaumu. Lakini kazi zilipoondoka, viungo vilibaki bure, na maradhi yakaona nafasi.

Sasa tuje kwenye hukumu. Baleti ilitoka katika majumba ya wafalme wa Italia na Ufaransa, na mwaka 1661 mfalme Louis wa 14 aliiundia chuo mjini Paris. Nguo zake za kubana, zivaliwazo mbele ya wanaume, si zetu. Ama kukunja goti na kuinua kisigino si mali ya mfalme yeyote.

Yoga ina asili katika ibada za Wahindi, na maulamaa wamelisema hilo. Novemba 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliikataza yoga iliyokusanya harakati, maneno ya kuabudia na itikadi zake. Januari 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia likaikataza yenye ibada ndani yake, likaiacha ile ya kunyoosha viungo kwa ajili ya afya tu. Na Novemba 2017 Saudi Arabia ikaruhusu ifundishwe kama mchezo. Basi njia ni wazi: harakati zachukuliwa, na ibada ya watu waachiwa wenyewe.

Tena, kujitia nguvu kuna asili katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) alimfahamisha Abdullah bin Amr kwamba mwili wake una haki juu yake. Naye alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), na safari ya kwanza Bibi Aisha ndiye aliyeshinda. Mume amwoneaye haya mkewe kwa kunyoosha mguu chumbani na alifikiri hilo.

Ama kiasi, Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilitaja dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na kwa aliyefika miaka 65, mazoezi ya kujimudu asianguke, siku 3 au zaidi. Asiyezoea na aanze na dakika 10. Mwenye dawa za kisukari amuulize daktari kwanza, maana sukari yaweza kushuka, na azitazame nyayo zake asije akawa na kidonda asichokihisi. Akibanwa kifua, asimame hapo hapo. Mlango ufungwe, nguo ziwe pana, wala asipigwe picha zikazunguka katika simu za watu.

Tena tusiigeuze sala kuwa mazoezi; sala ni ibada. Mgonjwa anayo ruhusa ya kusali ameketi, kama Mtume alivyomfunza Imran bin Husayn. Lakini goti lenye kutibika, kwa nini lisitibiwe, ili paji la uso lirudi ardhini?

Mume alitujia baada ya sala ya Ijumaa. Alisema, "Na muziki uliomo simuni?" Tukamwambia, "Sauti huzimwa." Akanyamaza kidogo, kisha akatuuliza kama mazoezi hayo yamfaa na mwenye kuumwa kiuno.

Nanyi vijana, simu mwazijua kuliko sisi. Mwonyesheni mama lenye kumfaa, na asubuhi moja mtwae nyinyi ufagio na ndoo, apate hizo dakika zake. Mwenyezi Mungu awape wazazi wetu afya ya kumwabudia. Amin.