Albamu ya Mama Haitoshi Kwenu?

Mnashea picha za foleni za nyama Poland ya 1981, eti hao ndio walijua kupiga picha za maisha ya kawaida. Na sisi je? Kenya ilikuwa ya chama kimoja kisheria toka 1982 hadi 1991. Kamera za serikali zilimfuata Moi. Raia walipigwa (picha, namaanisha) na vijana wa Uhuru Park, kwa pesa zao wenyewe. Kwa albamu ya mamangu hapa Kangemi kuna basi la Nyayo, viatu vya kuazima, na dukani, juu ya pakiti za unga, picha ya Rais. Hiyo si historia? Wiki jana jirani akihama alichoma albamu zake mbili. Niliokoa picha tatu, zimeungua pembeni.