Unapomwandikia mteja wa Bukavu, taja faranga za nani

Pale Rusizi I, muuzaji wa Kamembe na mnunuzi wa Bukavu hawashindwi kuelewana. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na Kongo ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Kikipungua, vidole humalizia hesabu. Tatizo huanza kila mmoja anaporudi dukani kwake na oda zikaanza kwenda kwa baruapepe.

Ukiandika "kilo 1,500" za viazi, aliyesoma kwa Kiingereza anaona elfu moja na mia tano. Aliyesoma kwa Kifaransa anaona moja na nusu, kwani kwake mkato hutenga desimali. Hapo akili ya kawaida itawaokoa, maana hakuna anayevusha kilo moja na nusu ya viazi kwa jumla.

Kwenye faranga haitawaokoa. Mnyarwanda anaita pesa yoyote "amafaranga", Mkongomani anasema "falanga". Mteja akijibu, "Nitalipa faranga 200,000," kila upande unasoma sarafu ya kwao, na thamani zake haziko karibu hata kidogo. Bukavu kwenyewe bei nyingi hutajwa kwa dola. Ugomvi huo ukizuka nyanya zikiwa tayari darajani, zinazooza ni za mama ambaye mtaji wake wote uko kwenye kikapu kile. Maneno mawili tu, "za Rwanda" au "za Kongo", yangemwokoa.

Kuna ushauri wa kisasa kwamba barua ya biashara iende moja kwa moja kwenye jambo. Mimi siukubali, angalau kwa mpaka huu. "Tuma bei" bila "Jambo Papa" au "Jambo Mama" inasomeka kama amri ya askari. Mstari mmoja wa kuulizia nyumbani haugharimu kitu. Mteja wa Nairobi huenda akauruka. Wa Bukavu atauona usipokuwepo.

Deni nalo lidai kwa barua ya wawili. Ukituma nakala kwa wenzake wa sokoni umemtangaza, na huenda usimwone tena, yeye wala pesa zako.

Oda ikiwa kubwa, tuma barua kisha piga simu, msome pamoja idadi, bei na sarafu kabla mzigo haujafika darajani.